Gramu Sita

Kola ya redio tuliyokuwa tukimvalisha tombo shingoni ilikuwa na uzito wa gramu sita hivi. Kifaranga wa tombo huyohuyo, siku anapoanguliwa, naye ana gramu sita hivi. Nilikuwa nimefunga kola nyingi kabla hili halijaniingia akilini, na siku liliponiingia sikuwa na mizani. Ilikuwa asubuhi ya Juni, nimechuchumaa kwenye nyasi zenye umande, kola iliyochomoka iko kiganja cha kushoto, kifaranga yuko kiganja cha kulia, na mikono yangu haikuona tofauti ya uzito. Ila upande wa kulia ulikuwa na joto, na ulikuwa unahema.

Watu wakiniuliza nilifanyia nini utafiti wa shahada ya uzamili, huwajibu: ndege wa mawindo, nyasi, na sisimizi wageni. Hunitazama kana kwamba nimetaja masomo matatu. Ni somo moja. Mimi mwenyewe nilihitaji misimu miwili ya kutembea juani ili nilione hivyo, na mwaka wa kwanza nilikuwa napima mahali pasipofaa.

Ndege mwenyewe ni tombo wa Marekani aitwaye bobuwaiti, kwa kuwa ndivyo anavyolia. Alfajiri dume hupanda juu ya nguzo ya uzio, akaanza kwa sauti ya chini, kisha akaipandisha ghafla mwishoni kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya shamba. Mtu mzima ana gramu 170 hivi na rangi ya majani makavu. Majira ya baridi huishi kwa makundi ya ndege 10 hadi 15, na usiku hulala chini kwa duara, mikia ndani, vichwa nje, miili imegusana ili wapashane joto. Adui akiwajia gizani, duara zima hulipuka kwa mara moja na kila mmoja anaruka upande wake. Ukiwahi kukanyaga karibu na duara hilo usiku ukiwa na antena mkononi, moyo wako hukawia kurudi mahali pake.

Ni ndege wa maisha mafupi. Katika kila 10 waliokomaa, wanaouona mwaka unaofuata ni wawili au watatu. Kwa hiyo tombo hawaishi kwa kujihifadhi, wanaishi kwa kuzaa. Jike hutaga mayai 12 au 14 kwenye kiota kilichofichwa ndani ya fungu la nyasi, huyaatamia siku 23, na mara nyingine dume ndiye anayeatamia huku jike akienda kuanza kiota kingine. Mwaka ukiwa mzuri, hesabu inarudi. Tatizo ni kwamba kwa miongo mingi sasa hesabu hairudi. Tangu sensa ya kila mwaka ya ndege wanaozaliana ilipoanza Amerika Kaskazini mwaka 1966, bobuwaiti wamekuwa wakipungua karibu kila mwaka. Si wao peke yao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba ndege wa mbuga za nyasi wa bara hilo wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970. Hakuna kundi jingine la ndege wa nchi kavu lililoumia kiasi hicho.

Mimi nilifanyia kazi pwani ya Texas, ile sehemu ambapo ufuko unajikunja kuelekea Mexico. Ni nchi tambarare, yenye upepo wa bahari, na karibu yote ni ardhi ya watu binafsi. Huwezi kumtafiti tombo wa Texas bila kubisha hodi kwa mwenye ranchi.

Sasa sisimizi. Kwa Kiingereza wanaitwa wa moto, na jina la kisayansi ni Solenopsis invicta, yaani asiyeshindwa. Asitafute mtu siafu hapa, wala majimoto wa kwenye miembe. Hawa ni wadogo, wekundu wenye weusi kidogo nyuma, milimita tatu hadi sita, na ukiwatazama mmoja mmoja hutishiki. Kwao ni Amerika Kusini, nyanda za mito Paraguay na Paraná. Waliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, kwenye miaka ya 1930, pengine ndani ya udongo uliobebwa na meli. Mwaka 1942 kijana wa miaka 13 aitwaye Edward Wilson, aliyekuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa sisimizi duniani, aliwakuta karibu na nyumbani kwao mjini humohumo. Miaka ya 1950 walikuwa wameshafika Texas.

Kichuguu chao hakina tundu juu. Ni rundo la udongo laini tu, na ukilikanyaga unahesabu sekunde moja, mbili, kisha mguu wako unakuwa mwekundu. Hupanda kimyakimya kwanza. Kisha, kama vile wamepewa amri, wanauma wote pamoja. Kila mmoja anang'ata ngozi kwa meno, anajikunja, anadunga mwiba, anazunguka, anadunga tena. Kesho yake kila tundu lina kipele chenye kichwa cheupe. Nimeumwa mara nisizoweza kuhesabu, na mimi nina kilo 60 na zaidi.

Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa viota. Tunamnasa jike kwa mtego wa waya wenye mtama ndani, tunamvalisha kola, tunamfuata kwa antena mpaka atulie mahali pamoja siku kadhaa. Hapo tunajua anaatamia. Tunaweka alama mbali kidogo, tunasubiri. Akiondoka na watoto tunaenda kuhesabu maganda. Yai lililoanguliwa vizuri huachwa na ganda lililokatwa kwa duara safi upande mnene, kofia yake ikining'inia kama kifuniko. Yai moja tu likianguliwa, kanuni ya taaluma inasema kiota kimefanikiwa, na mimi nilikuwa naandika kwenye daftari: kimefanikiwa. Kimefanikiwa. Kimefanikiwa. Nilimpelekea profesa wangu majedwali yale kwa furaha.

Wiki tatu baadaye ilikuwa zamu ya kuwakurupusha majike haohao alfajiri ili kuona wana watoto wangapi. Vifaranga wa bobuwaiti huanza kuruka vizuri wakiwa na wiki mbili hivi, kwa hiyo mama akiruka, nao huruka. Nilimfuata wa kwanza, nikazunguka, nikasogea. Akaruka peke yake. Wa pili akaruka na mmoja. Wa tatu peke yake. Nilisimama pale nikiwa na daftari lenye neno "kimefanikiwa" mara nyingi namna ile, na mbele yangu mbuga iko kimya. Sikuwa nimeandika uongo wowote. Nilikuwa nimesimamisha saa mapema mno.

Msimu wa pili niliomba ruhusa ya kuwapo siku ya kuanguliwa. Hili ni jambo la kufanywa kwa uangalifu sana, kwa mbali, kwa darubini, kwa sababu mama akishtuka anaweza kuondoka. Ile asubuhi niliyoanza nayo ilikuwa ya kiota cha 14. Mama alikuwa ameshatoka na waliotoka. Ndani ya kiota kulikuwa na maganda tisa yaliyofunguka, mayai mawili ambayo hayakuwa na kitu, na yai moja lenye ufa.

Kifaranga hupasua yai kwa jino dogo juu ya mdomo, na kabla hajakata duara zima hutoboa kwanza tundu dogo la kupumulia. Tundu hilo linatoa unyevu na harufu. Kwenye yai lile la kumi na mbili, mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka chini ya fungu la nyasi, umepanda ukingo wa kiota, na ulikuwa unaingia kwenye tundu na kutoka, unaingia na kutoka, kwa utulivu wa watu wanaobeba magunia kutoka ghalani. Mdomo wa kifaranga ulikuwa bado unaonekana. Haukuwa unacheza tena. Hatua nne kutoka hapo, kwenye nyasi, nilimwokota ndugu yake aliyekuwa ameachwa nyuma, kola ya mama yao ikiwa imedondoka karibu. Huyu ndiye niliyemshika kiganjani. Alikuwa na alama tatu kwenye ukope na moja kwenye utando wa mguu. Niliwaondoa sisimizi wawili kwa kucha, mmoja baada ya mwingine. Aliishi muda wa mimi kuandika saa.

Nilikuwa nimeyasoma haya kabla ya kuyaona. Kwenye pwani ileile ya Texas, watafiti walishawahi kulinganisha vifaranga wa viota vilivyokuwa vimezungushiwa chambo cha kuua sisimizi na wale wa viota vilivyoachwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalikuwa kwamba kwenye viota vilivyolindwa, waliofikisha siku 21 walikuwa asilimia 60 hivi. Kwenye vile vilivyoachwa walikuwa asilimia 22. Nilikuwa nimezinukuu takwimu hizo kwenye pendekezo langu la utafiti, kwa mwandiko mzuri, bila kutetemeka.

Hata hivyo kuumwa ni nusu ya habari, na naamini ndiyo nusu ndogo. Nusu kubwa ni chakula. Tombo mzima anakula mbegu. Kifaranga wa wiki mbili za kwanza hawezi kuishi kwa mbegu, anajenga misuli na manyoya kwa protini, na protini yake ni wadudu: panzi wachanga, mbawakawa, viwavi, buibui, nyenje. Anakula kutwa nzima. Sisimizi wa moto nao wanakula wadudu haohao. Kwa hiyo hata kifaranga asiyeguswa na mwiba anaamka kila asubuhi kwenye shamba ambalo limeshavunwa usiku.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kuhusu jambo hili haukutoka kwa tombo, umetoka kwa jamaa yake mkubwa, kuku wa prairi (yaani mbuga za nyasi za huko) wa Attwater. Huyu zamani alijaa pwani ya Texas na Louisiana, inakadiriwa hadi milioni moja. Nyasi zake zikalimwa, zikajengewa, zikaliwa na vichaka, hata leo haijabaki asilimia moja ya prairi ile katika hali yake. Mwaka 1937 walihesabiwa 8,700 na uwindaji ukasimamishwa. Mwaka 1996 walikuwa 42 porini. Wanazalishwa kwenye vizimba tangu 1992, wanaachiliwa kwenye hifadhi yao karibu na Eagle Lake, wanajenga viota, mayai yanaanguliwa vizuri kabisa, na kwa miaka mingi karibu kila kifaranga aliyezaliwa porini alikuwa anakufa ndani ya wiki mbili. Watu walitafuta ugonjwa. Walitafuta kasoro ya damu, ya malezi ya vizimbani. Kisha wakajaribu kupunguza sisimizi kwenye maeneo kadhaa na kuacha mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: palipopunguzwa sisimizi, wadudu waliongezeka, na uwezekano wa vifaranga kuvuka wiki mbili uliongezeka takriban maradufu.

Miaka yote ile viota "vilifanikiwa". Nikikumbuka daftari langu, naona nilirudia kosa ambalo lilikuwa limeshawagharimu wengine muda ambao kuku wale hawakuwa nao.

Wapo wataalamu, na ninawaheshimu, wanaosema sisimizi wanasingiziwa. Hoja yao ina uzito. Tombo walianza kupungua hata mahali ambapo sisimizi wa moto hawajafika. Na kuna jaribio la Joshua King na Walter Tschinkel kule Florida, la mwaka 2008, ambapo walipeleka makundi ya sisimizi wa moto kwenye msitu usiovurugwa na wakakuta hayakuleta madhara ya maana kwa sisimizi wenyeji, ilhali kulima na kufyeka vilileta madhara makubwa, na vikawafungulia mlango wageni. Kwa maneno mengine, mvamizi anaingia nyumba iliyokwisha kubomolewa. Tengeneza makazi, wanasema, achana na sisimizi.

Niliipenda hoja hiyo mpaka siku profesa wangu aliponiambia nilale chini. Tulikuwa kwenye mpaka wa malisho mawili. Upande mmoja kulikuwa na blustemu na nyasi nyingine za asili zinazoota kwa mafungu, kila fungu kama mpira wa kikapu, na kati ya fungu na fungu kuna udongo mtupu na magugu yenye majani mapana. Upande wa pili kulikuwa na nyasi za kigeni zilizopandwa kwa ajili ya ng'ombe, zinazotambaa na kushikana kama mkeka. Ukiwa umesimama, pande zote mbili ni nyasi tu, na ule wa pili ni wa kijani zaidi, unapendeza. Akaniambia niweke shavu kwenye udongo, jicho liwe urefu wa kifaranga.

Upande wa mafungu niliona vichochoro. Nyasi zilikutana juu na kufanya dari, chini njia zilikuwa wazi, zinakatana, kuna kivuli, kuna mwanga, kuna panzi mdogo juu ya jani. Kifaranga angekimbia pale kama mtoto kwenye mitaa anayoijua. Upande wa pili niliona ukuta. Hakuna njia. Kifaranga wa gramu sita hana nguvu ya kuusukuma, anabaki ukingoni, kwenye barabara ya magari na kando ya uzio, palipofyekwa. Na ukingoni ndiko vichuguu vilikojaa.

Baada ya hapo nilipima vitu viwili kwa pamoja kila mahali. Naweka kadi yenye kipande cha soseji chini, nasubiri nusu saa, nahesabu sisimizi. Pembeni nazika kikombe mpaka mdomo wake ulingane na udongo, kesho yake nahesabu waliotumbukia. Napima nafasi iliyo wazi kati ya mafungu, napima joto la udongo, kwa kuwa alasiri ya Julai udongo usio na kivuli kule unapita nyuzi 50 na kifaranga hawezi kuuvuka. Nilitamani nipate jibu rahisi: nyasi nzuri, sisimizi wachache. Sikulipata. Sisimizi wa moto hutafuta chakula zaidi udongo ukiwa kati ya nyuzi 21 na 35 hivi, kwa hiyo kivuli kinachomfaa kifaranga kinawafaa wao pia. Kwenye mafungu mazuri kabisa, yasiyolimwa kamwe, kadi zangu bado zilijaa. Lile jaribio la Florida ni la kweli kwa msitu wa misonobari. Prairi ya pwani yenyewe iko wazi, ina jua na unyevu, inafurika na kukauka. Mafuriko hayawaui. Wanashikana miguu na kuelea, malkia na watoto wakiwa katikati, mpaka maji yawatue mahali papya. Kimbunga Harvey cha mwaka 2017 kilipofurisha pwani ile, maji yalikuwa na vipande vyekundu vinavyoelea kila upande.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki, na nakisema kwa uzito wote nilio nao: swali la "makazi au sisimizi" limeulizwa na watu waliosimama. Aliye chini hana maswali mawili. Njia iliyo wazi, kivuli, panzi na mwiba, vyote viko ndani ya hatua zake tano, asubuhi ileile.

Dawa ipo, ila siisemi kwa wepesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilimwaga sumu za heptaklori na dieldrini kwa eropleni juu ya majimbo ya kusini ili kumaliza sisimizi hawa, na tombo wakafa kwa wingi pamoja na wanyama wengine wengi. Sisimizi hawakwisha. Siku hizi hutumika chenga za mahindi zilizolowekwa mafuta ya soya yenye sumu inayokawia, kilo moja na nusu hivi kwa hekta, ili sisimizi mfanyakazi aibebe mwenyewe hadi kwa malkia. Ni bora mara nyingi. Lakini sisimizi wenyeji wavunaji wa mbegu nao huibeba, na hao ni chakula cha mijusi wenye pembe ambao nao wanatoweka Texas. Na ukiacha, wageni wanarudi. Kuna nzi wadogo kutoka kwao Amerika Kusini walioletwa tangu miaka ya 1990, wanaotaga yai ndani ya sisimizi hadi kichwa chake kinadondoka. Wanasaidia kidogo, hasa kwa kuwatia sisimizi hofu ya kutoka. Mimi naona chambo kinapaswa kuwekwa mahali pachache, penye mafungu mazuri na majike wanaoatamia, kabla tu ya msimu wa kuangua, na si kumwagwa ranchi nzima. Kukiweka kwenye mkeka wa nyasi za kigeni ni kumlinda kifaranga ambaye hawezi kuwapo.

Mzee mwenye ranchi alinisikiliza nilipomweleza haya juu ya boneti ya gari lake, ramani imeshikiliwa na makopo mawili ya soda. Nyasi za mkeka zilipandwa na baba yake, kwa ushauri wa wataalamu wa wakati ule, na alikuwa anajivunia malisho yale. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama lazima yaondoke yote. Nikamwonyesha ukanda mmoja tu, kando ya mto, wenye mafungu yaliyobaki pande zote mbili. Akasema huo tunaweza kuuchoma Februari tuone kinachoota.

Tuliuchoma. Mwezi wa sita nilikuwa nimeshamaliza kukusanya data, nilirudi kung'oa vikombe vyangu tu. Nikiwa na kikombe cha mwisho mkononi, jike asiye na kola alitoka kwenye fungu la blustemu mpya, akasimama barabarani, akanitazama. Nilibaki nimeinama. Wakavuka nyuma yake mmoja mmoja, nikawahesabu kwa kunong'ona: saba. Wakubwa kiasi, wenye manyoya ya mabawa. Wa saba alisimama katikati ya barabara, akadonoa kitu kwenye udongo, akakimeza, kisha akakimbia kuwafuata wenzake.